Maswali Yenu: Michezo ya Sauti ya Doctor Who, wapi imepaa na wapi imeporomoka

Toleo lililopita niligusia michezo ya kusikiliza ya Doctor Who inayotengenezwa na kampuni ya Big Finish ya Uingereza, nikasema ndani yake kuna saifai (visa vya kubuni vya sayansi) bora kuliko zote nilizowahi kusikia na kuna mingine ya kuzima katikati. Basi maswali yamemiminika. Kwa ambao hawakusoma, Doctor Who ni tamthilia ya TV ya BBC iliyoanza Novemba 1963, stelingi wake ni msafiri wa nyakati anayeitwa Daktari tu, na akikaribia kufa anabadilika mwili anakuja kuigizwa na mtu mwingine. BBC waliisimamisha 1989, wakajaribu muvi moja ya TV 1996 na Paul McGann kama Daktari wa 8, haikuendelea, ikarudi rasmi 2005. Hapo katikati, Julai 1999, Big Finish wakaanza kutoa visa vipya kwenye sidii kwa sauti za waigizaji wale wale wa TV, siku hizi unadaunilodi tu.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nilianza mwenyewe na Storm Warning manake ndo ya kwanza ya Daktari wa 8. Jamaa mwanzo mzima anaongea peke yake, anaeleza anachokiona, anajiuliza anajijibu, nikachoka nikazima. Hivi mnasifia nini hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama kaka yangu, na ulichokisikia umekisikia sawasawa. Storm Warning ilitoka Januari 2001 na mwanzo wake una ule ugonjwa wa siku zote wa mchezo wa redio, yani mwandishi anaogopa msikilizaji atapotea, kwa hiyo anamfanya mhusika awe mtangazaji wa mpira, kila kinachopita mbele yake anakitangaza. Mtu akiwa peke yake chumbani haongei hivo. Mimi hilo nalihesabu ni anguko kabisa wala sitaki kulitetea.

Ila kisa chenyewe kina injini nzuri sana. Kiko ndani ya R101, lile puto kubwa la abiria la Waingereza ambalo kweli lilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, tarehe 5 Oktoba 1930, kati ya watu 54 wakafa 48. Humo ndani kuna binti anaitwa Charley Pollard, amezamia, anatafuta maisha na vituko, na kwa mujibu wa historia alitakiwa afe na wenzake. Daktari anamuokoa. Sasa hiyo huruma yake inatoboa tundu kwenye historia na hilo tundu linawafuata kisa baada ya kisa mpaka Neverland ya Juni 2002, na wewe unayesikiliza unajua deni lipo na litadaiwa tu. India Fisher anayemuigiza Charley ana sauti ya mtu anayefurahia kuwa hai, ndo maana inauma.

Ushauri wangu, ruka. Nenda moja kwa moja kwenye The Chimes of Midnight ya Februari 2002, imeandikwa na Robert Shearman. Hapo ndo utajua tunasifia nini. Nyumba ya kitajiri ya Kiingereza, mkesha wa Krismasi, mwaka 1906, Daktari na Charley wamenasa kule chini kwa watumishi, mpishi, dereva, mkuu wa watumishi na msichana wa kuosha vyombo anaitwa Edith. Saa ya ukutani inagonga, mtu anauawa. Edith anakutwa amezama kwenye sinki la vyombo, mpishi anashindiliwa pudini yake mwenyewe mpaka roho inatoka, dereva anagongwa na gari humo humo ndani ya nyumba, na kila kifo wenzake wanasema huyu kajiua, kisha wanarudi kuongelea pudini. Alafu saa inarudi nyuma na wote wako hai wanaanza upya, maneno yale yale, mpishi anasifia pudini yake kwa sentensi ile ile aliyoisema mwanzo. Mara ya kwanza unatabasamu, ikirudi tena nywele zinakusimama.

Na katikati ya hayo yote anasimama Edith, binti ambaye kashaambiwa mara nyingi kwamba yeye si kitu mpaka anajitambulisha hivo mwenyewe. Sitakwambia siri yake na Charley. Ntasema tu kwamba sisi wenye madada wa kazi majumbani, tunaowaita kwa jina la mtoto wao au tusiowaita kwa jina lolote, tukisikiliza ile sehemu ya nne tunatakiwa tunyamaze kidogo. Hii ni saifai, ina mambo ya muda kukatika na kujifunga kitanzi, lakini moyo wake uko jikoni kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza ameshindaje.

SWALI: Sema dada mhariri! Mimi ni mwanafunzi wa chuo Nairobi, Zagreus nimeisikiza yote na nimeipenda, lakini marafiki zangu wote wanasema ni takataka. Uamuzi wako ni gani, na usinionee huruma. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Sikuonei, mdogo wangu. Mimi niko upande wa marafiki zako ila sio kwa sababu zao.

Zagreus ilitoka Novemba 2003 kusherehekea miaka 40 ya Doctor Who. Sidii tatu, karibu masaa manne. Wakakusanya waigizaji wa zamani wengi, tena wale waliowahi kuwa Daktari na wasaidizi wake wakapewa wahusika wengine kabisa, na McGann akapewa kazi ya kuwa Daktari aliyeingiliwa na pepo la ajabu kichwani. McGann pale anafanya kazi kubwa, hilo nakupa. Lakini kisa chenyewe hakimjali mtu yeyote. Kinajali historia ya Doctor Who, siri za sayari ya Daktari, nani alifanya nini zamani, na kama hujasikiliza visa vya nyuma unakaa masaa yote hayo kama mgeni kwenye kikao cha ukoo wa watu wengine. Mtu anaogopa, anapenda, anakufa, na kabla hujamuhurumia washakuhamisha kwenye ukumbi mwingine wenye nyota mwingine. Sherehe ilikula mchezo.

Sasa angalia mwezi uliofuata, Desemba 2003, jamaa hao hao wanatoa Scherzo. Shearman tena. Waigizaji wawili peke yao, McGann na Fisher. Daktari amejihamishia kwenye ulimwengu ambao hauna muda, Charley kamfuata bila ruhusa, wanatembea mahali penye mwanga mkali mpaka macho hayafanyi kazi. Hawaoni. Hawanusi. Wanachobaki nacho ni kusikia, na humo ndani kuna kiumbe ambacho chenyewe ni sauti, kinajifunza kuongea kutoka kwao. Unaona walichofanya? Wahusika wamewekwa pale pale alipo msikilizaji. Hakuna haja ya mtu kutangaza anachokiona kwa sababu hakuna anayeona, ule ugonjwa wa Storm Warning umegeuzwa ukawa ndo stori yenyewe. Wawili wale wanashikana mikono wasipotezane mpaka nyama za mikono zinaanza kuungana, na muda wote wanagombana kama watu wanaopendana wanavyogombana, mmoja anasema nilitaka kufa ili wewe uishi, mwingine anajibu kwa nini sasa umenifanya nikuone unakufa. Haya maneno nimeyafupisha mimi lakini ugomvi ndo huo. Mi naiona Scherzo ndo kilele cha mfululizo wote, kuna watu wataniandikia kupinga na waandike.

Alafu Januari 2004 ikaja The Creed of the Kromon na tukaporomoka. Kwenye dunia mpya ya ajabu isiyo na muda wakatuletea wadudu wenye kampuni, urasimu, mashimo ya kupita, mambo ambayo TV ya miaka ya 80 ingeweza kutuonyesha, na Charley wakamfanya wamgeuze mdudu awe malkia wa kuwazalia. Mtu aliyetoka kuongea vile kwenye Scherzo, mwezi mmoja baadaye anageuzwa chombo cha kuzaa, na kisa hakikai hata dakika kufikiria hilo ni jambo gani kwake. Mimi hilo liliniuma. Wadudu sina shida nao, ila ukimjenga mtu kiasi kile alafu ukamtupa pembeni, msikilizaji anapoteza imani na wewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, miezi mitatu, bonde, kilele, bonde. Na pesa haihusiki, kwa sababu kilele ndo chenye waigizaji wawili.

SWALI: Assalam aleikum. Niko Muscat, kazi yangu ya usiku, nasikiliza kwa hedifoni. Kizungu naelewa lakini lafudhi zao nyingine zinanishinda. Nianze na nini? (Bi. wa Muscat)

JIBU: Waaleikum salam bibie. Wewe anza na Daktari wa 6, Colin Baker, akiwa na Evelyn Smythe aliyeigizwa na marehemu Maggie Stables. Wote wawili wanaongea kwa kutamka, kila neno unalipata.

Na hapa kuna jambo kubwa. Colin Baker kwenye TV, 1984 mpaka 1986, alionewa. Walimvalisha koti la rangi zote zinazogombana, wakamwandikia ukali, kisa chake cha kwanza kabisa anamkaba koo msaidizi wake, na mwisho wakamuondoa. Kwenye sauti lile koti halipo. Umebaki na sauti nene, yenye majivuno kidogo na huruma nyingi chini yake, na kuanzia The Marian Conspiracy ya Machi 2000 wakampa msaidizi ambaye TV isingethubutu, mama mtu mzima wa miaka 55, mwalimu wa historia chuo kikuu, moyo wake una matatizo, anapenda keki ya chokoleti na anamjibu Daktari bila woga. Nilivyomsikia nikajiuliza kwa nini siku zote wanaosafiri angani ni vijana tu.

Ukishawazoea wale wawili nenda Jubilee, Januari 2003. Uingereza nyingine, iliyowashinda Dalek, wale viumbe wauaji wa ndani ya magamba ya chuma, maadui wakubwa wa Daktari, mwaka 1903 na sasa inasherehekea miaka 100 ya ushindi, na kwenye mnara wa London wamefungia Dalek mmoja wa mwisho wanamtesa. Evelyn anaongea naye, mwanamama na muuaji, na polepole unajiuliza nani kwenye hii nchi ndo amekuwa Dalek. Shearman ndo aliyeandika pia kile kisa cha TV cha 2005 kinachoitwa Dalek, na mzizi wake ni huu.

Ya kukwepa kwa sababu ya lafudhi ni Minuet in Hell, Aprili 2001. Waingereza wanaigiza Wamarekani, tena wa kutia chumvi, na ni ndefu. Kwenye TV lafudhi mbovu unaweza kuivumilia unaangalia sura, kwenye hedifoni haikuachii pa kukimbilia.

SWALI: Kaka yangu anabisha kwamba hizi sio Doctor Who ya kweli, ni za mashabiki tu. Nimjibuje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwambie zina leseni ya BBC. Na mwambie aitafute ile filamu fupi ya Novemba 2013, The Night of the Doctor, ambapo McGann alirudi kwenye picha baada ya miaka 17. Daktari wa 8 akiwa anakaribia kubadilika anawataja wasaidizi wake, Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin, Molly. Wote hao ni wa kwenye sauti.

SWALI: Dada, sisi ni vijana wanne Mwanza, tuna maiki mbili na laptop, tunataka kutengeneza mchezo wa saifai wa Kiswahili wa kusikiliza. Tujifunze nini kwa hawa Big Finish na tukwepe nini? Milio tunaitoa wapi? (Kikundi, Mwanza)

JIBU: Wadogo zangu mmenifurahisha kweli. Nchi hii watu wanajua kusikiliza. Twende na Wakati ya Radio Tanzania ilipoanza 1993 watu walimjua Mkwaju dereva wa lori kwa sauti yake tu, wakamchukia, wakamuonya, bila picha hata moja. Kwa hiyo msikilizaji mnaye tayari, msimdharau.

Kuhusu milio, msianze kwa kutafuta vya kununua. Mlio wa chombo cha Daktari kikiondoka, ule wa kukwaruza na kuhema ambao dunia nzima inaujua, Brian Hodgson wa kitengo cha milio cha BBC aliupata kwa kuburuza ufunguo wa mlango wa mama yake kwenye nyuzi za piano bovu, kisha akauchezea kwenye tepu. Sauti ya Dalek ni mtu anaongea kwenye maiki inayopita kwenye ringi modyuleta, kifaa kinachochanganya sauti ya mtu na mawimbi ya mtambo, na siku hizi kuna programu za bure zinazofanya hivo hivo kwenye laptop yenu. Ila sikieni, kifaa hakitishi. Kinachotisha kwa Dalek ni anayeongea. Nicholas Briggs, ambaye ndo sauti yao kwenye Big Finish na kwenye TV tangu 2005, anaigiza kabisa, hasira na woga mnavisikia ndani ya ule mtetemo.

Kaeni msikilize Spare Parts, ya Marc Platt, Julai 2002, Daktari wa 5 Peter Davison na msaidizi wake Nyssa. Inaeleza Cybermen, wale maadui wa Daktari ambao ni watu waliogeuzwa mashine, walitokea wapi. Sayari imetangatanga mbali na jua lake, watu wanaishi chini ya ardhi, wagonjwa, wamechoka, wanabadilishwa viungo kimoja kimoja ili waishi. Kuna familia moja ya kawaida, baba, kijana wa kiume na binti anaitwa Yvonne. Yvonne anachukuliwa kwenda kazini juu. Anaporudi nyumbani ameshageuzwa, na kinachoongea ni mashine, sauti bapa isiyo na pumzi, lakini inalia, inamtafuta baba yake. Fundi wa sauti hapo hajaongeza muziki wa kulazimisha machozi. Ni chumba, baba, na ile sauti. TV walipowarudisha Cybermen 2006 walimtaja Platt kwa shukrani mwishoni, na kusema ukweli hawakufikia lile eneo la Yvonne.

Mambo ya kukwepa basi. Msiwe na sauti mbili zinazofanana kwenye eneo moja, hata kama mwigizaji ni mzuri vipi, na kama mko wanne tu andikeni visa vya watu wanne. Mhusika asimwambie mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua ili mimi nilisikie. Mapigano yafupisheni, vurugu ya dakika tano ya milipuko na watu kupiga kelele msikilizaji hajui nani kampiga nani, Big Finish wenyewe wanaanguka hapo mara nyingi mno na hasa kwenye visa vya vita. Na kuna kukaa kimya. Sekunde mbili za kimya baada ya swali gumu zinafanya kazi ambayo kurasa mbili za maelezo haziwezi. Mkirekodi kila mmoja kwake inawezekana pia, 2020 corona ilipoingia Big Finish walirekodi waigizaji wakiwa majumbani mwao, wakaunganisha baadaye.

Mkimaliza sehemu ya kwanza nitumieni. Ntaisikiliza yote na ntawaambia ukweli.

SWALI: Hivi bado wanatoa nzuri au wamechoka? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ule mfululizo wa kila mwezi uliisha Machi 2021 baada ya matoleo 275, sasa wanatoa zaidi kwa mafungu, visa kadhaa ndani ya boksi moja. Kati ya waliokuwa Daktari kwenye TV, wamempata Tom Baker tangu 2012, marehemu John Hurt aliwafanyia visa kuanzia 2015, David Tennant akarudi 2016. Ubora wa sauti umepanda sana. Ninachokililia ni ule uthubutu wa 2002 na 2003. Siku hizi wanarudisha mno maadui wa zamani na kukutanisha mhusika huyu na yule, na unatoka umeridhika ila hujashtuka. Kati ya vya baada ya uthubutu ule, ninayemtoa kwenye lawama ni Lucie Miller, msaidizi wa Daktari wa 8 anayeigizwa na Sheridan Smith, yule binti wa kaskazini mwa Uingereza mwenye mdomo mkali aliyeanza kusikika kwenye redio ya BBC 7 siku ya mwisho ya 2006, visa vyake vifupi vya kama dakika 50, vinakimbia, na mwisho wake, To the Death wa 2011, hawakumuonea haya msikilizaji hata kidogo. Jiandae.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9 anapenda mambo ya anga. Kuna inayomfaa? (Mama wa Dodoma)

JIBU: Ipo mama. Usimpe Chimes of Midnight wala Spare Parts wala Jubilee, zina vifo na mateso ambayo hata mtu mzima yanamkaa. Mpe The One Doctor ya Desemba 2001, Daktari wa 6 anafika mahali anakuta kuna tapeli anajifanya ndiye Daktari na watu wameshamsifia na kumpa zawadi, inachekesha mwanzo mwisho. Sikiliza naye sehemu ya kwanza umtafsirie anapokwama, zinazofuata atakuvuta mwenyewe.